Picha Mbichi na Ghala Lake

Nilipoanza kazi hii mwaka 1991, mama wa bi harusi wangu wa kwanza hakuniuliza bei wala idadi ya picha. Aliniuliza hivi: "Na hizi picha, mwanangu, nani atazisafisha?"

Msomaji ambaye hakukulia Mombasa huenda asiuone uzito wa swali hilo, basi na nieleze kidogo. Katika harusi zetu za Kiswahili kuna usiku wa kupamba, nao ni usiku wa wanawake peke yao. Bi harusi hukalishwa juu ya jukwaa, kapambwa kwa hina, dhahabu na asumini, na wageni wake huvua mabuibui mlangoni na kuonyesha nguo na nywele ambazo mwanamume wa kando hana ruhusa ya kuziona. Mpiga picha wa usiku huo sharti awe mwanamke. Lakini kumpata mwanamke wa kushika kamera kulikuwa nusu ya kazi tu. Mkanda wa rangi sikuweza kuusafisha jikoni kwangu. Ulipelekwa dukani, na waliokuwa wakiendesha mashine dukani walikuwa wanaume. Kwa hiyo yule ambaye usiku hakuruhusiwa hata kupita karibu na mlango wa ukumbi, asubuhi yake aliwaona wote, mmoja baada ya mwingine, wakitoka mashineni.

Nilikuwa na maneno yangu ya kuwatuliza: kwamba namjua mwenye duka, kwamba nitasimama pale pale mpaka picha ya mwisho itoke, kwamba negativu nitarudi nazo mkononi. Yote yalikuwa kweli, na hata moja halikuwa jibu. Ndiyo sababu nilipoinunua kamera yangu ya kwanza ya kidijitali mwaka 2006, nayo ilikuwa ya mtumba, sikuifurahia kwa wepesi wake wala kwa pesa za mikanda nilizookoa. Niliifurahia kwa kuwa hatimaye nilipata jibu la yule mama. Nitazisafisha mimi.

Nasema haya mapema ili msomaji ajue nimesimama wapi. Programu za kompyuta za kupangia na kusafishia picha zimeandikiwa vitabu vingi, na wanaozisifu au kuzilaumu huzipima kwa kasi, kwa uzuri wa rangi na kwa bei. Vipimo hivyo ni halali, nami nitavitumia. Ila mizani yangu kubwa ni nyingine. Picha ninazoziweka si mali yangu. Ni amana za wanawake wapatao elfu kadhaa wa mji huu, na programu inayoziweka naihukumu kama ninavyomhukumu mtu aliyeachiwa amana.

Kwanza picha mbichi yenyewe. Kamera nyingi hukupa njia mbili. Katika njia ya kwanza kamera huipika picha palepale: huamua rangi, hunoa kingo, hukandamiza faili liwe dogo, na kilichobaki hukitupa. Unaletewa chakula mezani, na jikoni huingii. Katika njia ya pili unapewa kile ambacho kamera ilikiona kabla ya kukipika, na hicho, kusema kweli, bado si picha. Kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera hakijui rangi. Kila nukta yake imefunikwa kichujio kidogo, nusu ya nukta kijani, robo nyekundu na robo buluu, kwa mpango aliouvumbua Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza yake mwaka 1976. Kila nukta inajua rangi moja tu, na rangi mbili nyingine lazima zikisiwe kutoka kwa jirani zake. Anayekisia ni programu. Ndiyo maana faili moja la picha mbichi likifunguliwa katika programu mbili hutoa nyuso mbili zisizofanana, na mtu anayesema kwamba picha mbichi ndiyo "ukweli wenyewe" hajawahi kuzilinganisha.

Faida yake ni upana. Picha iliyopikwa na kamera huwa na ngazi 256 kati ya giza na mwanga kwa kila rangi. Picha mbichi huwa na ngazi 4,096, au 16,384 katika kamera nzuri zaidi. Kwa mtu anayepiga picha mlimani mchana hizi ni tarakimu tu. Kwangu mimi ni uhai wa kazi. Kumbi zetu hupenda taa za zambarau na kijani, taa kali moja humwelekea bi harusi, dhahabu humwaka kifuani, na bibi yake kakaa gizani hatua tatu nyuma. Picha ikishapikwa na kamera, yule bibi amepotea, huwezi kumtoa tena. Katika picha mbichi yumo. Unamvuta polepole kutoka gizani, na ukienda kwa adabu atakuja na mikunjo yake ya uso na kanga yake, wala hatajaa punje kama mchanga.

Gharama yake ni uzito. Kamera ya nukta milioni 24 hutoa faili la megabaiti 25 au 30 kwa kila picha. Usiku mmoja wa kupamba napiga picha 1,500, kwa hiyo nakwenda nyumbani na gigabaiti 40 hivi. Harusi za Mfungo Mosi zikija tatu kwa wiki moja, hesabu mwenyewe. Hapo ndipo mtu anapokuwa hatafuti tena programu ya kusafishia bali ghala.

Nimetumia Lightroom ya kampuni ya Adobe tangu mwaka 2008, na nitaisifu kabla ya kuilaumu, kwani ilinifundisha kazi. Ilitoka rasmi mwaka 2007, na wazo lake kubwa lilikuwa hili: isiguse kabisa picha mbichi. Kila unachofanya, ukiongeza mwanga, ukikata pembeni, ukipunguza ile zambarau, haikiandiki juu ya picha. Hukiandika kama maagizo katika daftari lake, wao huliita katalogi, na picha unayoiona kwenye skrini ni maagizo hayo yakitekelezwa mbele ya macho yako. Ukijuta miaka kumi baadaye, unafuta maagizo na picha inarudi kama siku ilipopigwa. Tena ukishaisafisha picha moja ya jukwaani ukaridhika, waweza kuyanakili maagizo yake kwa picha mia mbili zilizopigwa chini ya taa ileile. Kazi iliyokuwa ikinichukua wiki niliimaliza kwa siku mbili. Mtu aliyewahi kusafisha picha moja moja hawezi kuidharau akili iliyobuni jambo hilo.

Lakini tazama kilichotokea bila sisi kutambua. Zamani amana ilikuwa negativu, kitu cha kushikwa. Sasa amana imegawanyika mara mbili: picha mbichi iko kwenye diski, na kazi yote niliyoifanya juu yake iko ndani ya daftari la kampuni, kwa hati ambayo kampuni nyingine haiisomi vizuri. Waweza kuiamuru Lightroom iandike maagizo yake katika kifaili kidogo kando ya kila picha, nami nawashauri wote wafanye hivyo, lakini hata hapo makusanyo uliyoyapanga na nakala za pili ulizozibuni ndani yake haziandikwi humo. Zinabaki daftarini.

Na madaftari hufa. Kampuni ya Apple ilitoa programu yake ya Aperture mwaka 2005, kabla hata ya Lightroom, na wapiga picha wakaingiza humo maisha yao. Mwaka 2014 ikatangaza kwamba haitaiendeleza, na mfumo wa Mac uliotoka mwaka 2019 haukuiendesha tena. Picasa, iliyokuwa ya bure na nyepesi, ambayo nadhani nusu ya kompyuta za Mombasa zilikuwa nayo, Google iliizika mwaka 2016. Lightroom haikufa, ila ilibadili masharti. Toleo la sita la mwaka 2015 ndilo la mwisho uliloweza kulinunua likawa lako. Tangu hapo ni kodi ya kila mwezi. Ukiacha kulipa, wenyewe wanasema wazi, utaendelea kuziona picha zako na kuzitoa, lakini chumba cha kusafishia kinafungwa. Si uongo wala si wizi, mtu ametia sahihi. Ila mimi nimepanga nyumba maisha yangu yote, na najua tofauti ya mwenye nyumba mwema na nyumba yako mwenyewe.

Sasa niseme juu ya rangi ya ngozi, maana hapa nina kisa cha miaka mingi na si na kompyuta peke yake. Wenzangu wa zamani watazikumbuka kadi za Kodak zilizotumika maabara kupimia rangi, zenye picha ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Mashine ikimwonyesha Shirley vizuri, ilihesabiwa imetengenezwa vizuri. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye, katika miaka ya tisini, na wanaoijua historia hiyo wanasema kwamba watengenezaji wa chokoleti na samani walikuwa wamelalamika kabla yake: bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikuonekana sawasawa. Chokoleti ilisikilizwa.

Kwenye kompyuta hakuna kadi ya Shirley, lakini kuna kitufe cha kujirekebisha chenyewe. Unakibonyeza, programu inaitazama picha na kuamua ina giza mno au mwanga mno. Nami nimeona, katika programu zaidi ya moja, kwamba picha ya wanawake sita weusi waliokaa pamoja chini ya taa hafifu huhesabiwa kuwa ni picha yenye kasoro ya giza. Huinuliwa. Ngozi inakuwa ya jivu, hina inafifia, na weupe wa asumini, ambao ndio ulikuwa uzuri wa picha, unaungua. Si chuki. Ni wastani tu, na wastani huo haukuchukuliwa ukumbini kwetu. Kwa hiyo kitufe hicho sikitumii, na wasichana ninaowafundisha nimewakataza kukigusa mwaka wao wote wa kwanza.

Wala lawama si ya mashine peke yake. Nakumbuka shangazi wa bi harusi mmoja, mwaka 2010, alikuja kuzitazama picha kabla hazijachapwa.

"Mbona mtoto umemtia weusi hivi?"

"Ndiyo rangi yake, shangazi."

"Rangi yake twaijua. Twataka ya harusi."

Niliwapa ya harusi. Nilikuwa na kodi ya kulipa, na kusogeza kipimo kimoja hakunichukui hata sekunde. Miaka tisa baadaye bi harusi yuleyule alikuja na binti yake wa miaka saba. Mtoto alikuwa ameifungua albamu nyumbani akauliza huyo aliyekaa kwenye kiti cha mama ni nani. Nilifungua daftari, nikafuta maagizo yote ya mwanga, na pale kwenye skrini akatokea yeye, mweusi wa hina na dhahabu, mwenye umri wa miaka ishirini na mbili. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nimchapie picha thelathini. Hiyo ndiyo sifa kubwa ninayoweza kuitoa kwa mpango mzima wa picha mbichi na maagizo: ulinipa nafasi ya kurudisha kitu nilichokuwa nimekichukua.

Lakini kuna jambo jingine nililolichukua, na hilo lilirudi nusu tu.

Programu hizi zote hukupa nyota. Unaipa kila picha nyota moja mpaka tano, kisha unafanya kazi na zile za juu. Vitabu vya maelezo husisitiza uifanye kazi hii usiku uleule au kesho yake, upesi, bila huruma. Nami niliifanya bila huruma. Macho yamefumba, hapana. Kichwa cha mtu kimekatwa, hapana. Mgeni aliyekaa nyuma, mwenye ukungu, anayenyosha shingo kutazama jukwaani, hapana. Zisizo na nyota nilizihamishia katika folda niliyoiita Makapi. Mwaka 2015 diski zilijaa, na diski mpya sikuwa na uwezo nayo. Nilizifuta folda zote za Makapi tangu mwaka 2008, picha nadhani elfu sabini na zaidi. Nilijisikia kama mtu aliyefagia nyumba.

Mwaka 2018 alikuja mama mmoja. Sitamtaja, wala mtaa wake. Binti yake alikuwa amefariki mwaka ule. Nyumbani alikuwa na picha za utotoni na picha ya kitambulisho, na simu ya binti ilikuwa imefungwa kwa nambari ambayo hakuna aliyeijua. Alikumbuka kwamba binti alikwenda kwenye kupamba kwa jirani yao, Mfungo Mosi, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa amelazwa. "Alisuka nywele siku mbili," aliniambia. "Mimi sikumwona. Nilikuwa hospitali."

Programu haijui Mfungo Mosi. Inajua Septemba 2011. Aliyejua Mfungo Mosi ni daftari langu la karatasi, ambalo naandika jina la mama wa bi harusi, ukumbi, mfungo na nambari ya folda. Tuliipata harusi kwa dakika tano. Kisha tukatazama picha mia nne zilizobaki, moja moja, na binti hakuwemo. Mama alisema huenda alichelewa, alikuwa na desturi ya kuchelewa, angekaa nyuma. Waliokaa nyuma niliwafuta.

Nilimwambia ukweli. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa zito kuliko lawama.

Alipoondoka ndipo nilipokumbuka kosa langu jingine. Kila mwongozo wa Lightroom unaonya: usifute wala usihamishe picha nje ya programu, fanya kila kitu kupitia kwayo, la sivyo daftari litazitafuta na kuzikosa. Mimi zile folda za Makapi nilizifuta moja kwa moja kupitia Windows, kwa uvivu. Programu haikuambiwa. Katika daftari la kale, ambalo sikuwa nimelifungua miaka mitatu, picha za Makapi zilikuwa zimeorodheshwa bado, kila moja na alama ya mshangao ya kuonyesha kwamba faili lake halipatikani. Na kwa kuwa Lightroom huweka pembeni nakala ndogo za kutazamia ili isizisome picha nzito kila mara, nakala hizo zilikuwepo. Nilizipitia mpaka alfajiri. Alikuwa katika picha mbili. Ya kwanza ni bega na nywele zilizosukwa. Katika ya pili amegeuka, ana ukungu kidogo, anamcheka mtu asiyeonekana.

Hakukuwa na picha mbichi ya kusafisha. Nilichoweza ni kuinakili ile picha ya skrini kama ilivyo na kuichapa ndogo, kwani ukiikuza inavunjika. Mama yake anayo. Lakini niliipima picha ile kwa macho ya mpiga picha, na hata leo nasema haikustahili nyota. Tatizo langu na nyota si kwamba niliziweka vibaya. Ni kwamba programu inaniuliza usiku wa Jumamosi swali ambalo jibu lake litajulikana miaka saba baadaye, nayo hainiambii kwamba haiwezekani kulijibu. Kupanga ubora ni jambo la haki. Kugeuza mpango wa ubora kuwa mpango wa kufuta ni kosa langu, lakini ni kosa ambalo njia yake imetandikiwa zulia. Siku hizi sifuti mtu. Nafuta picha zinazorudia mtu yuleyule katika mkao uleule, basi.

Juu ya majina nitapita haraka. Programu hukupa nafasi ya kuandika maneno ya kutafutia, na wengi wetu hatuyaandiki, halafu tunailaumu programu. Ugumu uliopo ni kwamba wanawake wetu hawana jina moja. Aliyekuwa binti wa Bi Fulani mwaka 2009 ni Mama Fulani mwaka 2014. Digikam, programu ya bure, hunipa mpango wa majina yanayoingia ndani ya majina mengine kama matawi, na huyaandika katika faili lenyewe au kando yake. Kwa hili naiweka juu ya nyingine zote. Kutambua nyuso nimekuzima. Nilijaribu mara moja, na bi harusi wa usiku wa hina alihesabiwa mtu mwingine na bi harusi wa usiku wa kupamba, kwa vipodozi alivyokuwa amepakwa, hali mabinti wanne wa mama mmoja walihesabiwa mtu mmoja. Nilicheka. Ila sababu iliyonifanya nikuzime si hiyo. Nisingependa kuwepo popote duniani chombo ambacho mtu akikionyesha uso wa mwanamke barabarani, kitamletea picha yake bila buibui.

Hapa nafika penye kasoro ambayo sijamsikia mhakiki yeyote akiitaja. Miaka kadhaa iliyopita kompyuta yangu ilikufa kioo, nikaipeleka kwa fundi. Kijana mstaarabu, kazi nzuri. Alipokibadilisha kioo aliiwasha aijaribu rangi, na kwa kuwa ni kompyuta ya mpiga picha alifungua programu ya picha. Programu, kwa hisani yake, ikafunguka palepale nilipoishia. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza. Bi harusi wa Jumamosi, skrini nzima. Kijana aligeuza uso haraka kuliko nilivyoweza kunyosha mkono. Lakini nilirudi nyumbani na lile swali la mwaka 1991 kichwani.

Lightroom haina kufuli juu ya daftari lake. Digikam haina. Darktable haina. Utaambiwa kufuli ni kazi ya mfumo wa kompyuta, na ni kweli, nami sasa nimeifunga diski nzima kwa nywila ndefu. Lakini waliozitunga waliwaza kazi ya mtu anayetaka kuonyesha, ndiyo maana kila pembe kuna kitufe cha kutuma, kushiriki, kupandisha mtandaoni. Ile Lightroom nyingine mpya huziweka picha zenyewe kwenye kompyuta za kampuni, mbali, na huo ndio unaosemwa kuwa wema wake. Inawezekana kwamba huko mbali ni salama kuliko kabati langu. Lakini siwezi kusimama pale nikatazama mpaka picha ya mwisho itoke.

Tangu mwaka 2020 nasafisha kwa darktable. Ilianza mwaka 2009, ni ya bure, watungaji wake ni watu wanaojitolea, na kila agizo huliandika katika kifaili kando ya picha, kwa maandishi ambayo hata mimi naweza kuyafungua na kuyaona. Sitamdanganya mtu kwamba ni rahisi. Imejaa vipimo vyenye majina ya hesabu, na picha ikifunguliwa mara ya kwanza huwa imepauka hivi kwamba wanafunzi wangu hudhani kamera imeharibika. Nilikaa miezi minne kabla ya kuipata tena rangi ya ngozi niliyoizoea. Ila ninapoipata, najua nimeipata mwenyewe. Kompyuta hiyo haijaunganishwa na intaneti.

Mwezi uliopita bi harusi wa mwaka 2016 alinipigia simu. Ndoa imevunjika, na ameomba picha zake zote zifutwe, mbichi na zilizosafishwa. Haki yake. Nilimwuliza mara mbili, nikamsimulia kwa ufupi yale ya Makapi, akasema anajua anachotaka. Nimeanza. Picha mbichi zimekwisha kwenye diski mbili. Safari hii nilizifuta kupitia programu, kisha nikafungua folda ya nakala ndogo za kutazamia na kuifuta yote, kisha nakala za akiba za daftari, ambazo programu ilizitengeneza kila wiki kwa miaka nami nikazisahau. Katika daftari la karatasi nimepiga mstari juu ya jina na kuandika tarehe. Diski ya tatu iko kwa dada yangu Malindi, niliiweka huko kwa hofu ya moto. Nitaifuata Jumamosi.